Vikao 15 badala ya 25: mama hajapunjwa

Swali: "Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Arua. Mwaka jana alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Ripoti ya maabara ilisema tezi 12 zilitolewa kwapani na 5 kati yake zilikuwa na saratani. Baada ya hapo alitumia kemo, akamaliza wiki tatu zilizopita. Sasa tumefika Kampala na daktari ameandika mionzi mara 15. Mke wa mjomba alitibiwa ugonjwa huu huu miaka ya nyuma na alipigwa mara 25. Anasema mama amepunjwa, eti wanakata siku kwa sababu mashine hazitoshi na watu ni wengi. Kijana mmoja hapa hosteli naye anatuambia Ulaya siku hizi ni mara tano tu, kwa hiyo hizo 15 ni za kututesa. Tumsikilize nani? Na akirudi nyumbani, wajukuu wanaweza kulala naye?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, maana najua mama yuko pembeni yako anasubiri: hajapunjwa. Kwa ripoti uliyonieleza, hata mimi ningemwandikia mara 15. Angekuwa na ndugu London akapelekwa kutibiwa huko, yaelekea angeandikiwa hizo hizo 15.

Mke wa mjomba hakuwadanganya. Alichopata yeye ndicho kilichokuwa kipimo cha kawaida wakati wake, na kilimfaa. Kijana wa hosteli naye hakutunga hadithi. Mara tano zipo kweli. Shida ni kwamba wote wawili wanamzungumzia mgonjwa mwingine, na mgonjwa wetu ni mama mwenye tezi tano.

Mionzi hupimwa kwa grei, kama vile paracetamol inavyopimwa kwa miligramu. Kwa miaka mingi mwanamke aliyekatwa titi alipewa grei 50, zikagawanywa mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano. Ni grei 2 kila siku. Mpango wa mara 15 unaotumika zaidi ni wa grei 40 kwa wiki tatu, yaani grei 2.67 kila siku. Hapa ndipo familia nyingi hushtuka zaidi ninapowaandikia hesabu kwenye karatasi. Kumbe siku zimepungua na jumla yake imepungua pia! Basi mama kaibiwa mara mbili!

Chukua pilipili kali 20. Ukila moja moja na chakula chako kwa siku 20, utaishi nazo bila taabu. Ukiamua kula nne nne kwa siku tano, idadi ni ile ile lakini tumbo litakusimulia habari nyingine. Ukitaka tumbo liumie kiasi kile kile cha mwanzo, itabidi upunguze jumla, labda zibaki 13 au 14. Mionzi iko hivyo. Kadiri kipande cha siku moja kinavyokuwa kikubwa, ndivyo kila grei inavyouma zaidi, na jumla hushushwa makusudi ili athari ibaki pale pale. Grei 40 kwa vipande vikubwa na grei 50 kwa vipande vidogo ni dawa ya nguvu moja iliyofungwa kwa namna mbili.

Utauliza, kama ni hivyo, kwa nini wazee wetu wa fani hii walichagua vipande vidogo na wiki tano? Walikuwa na sababu. Saratani nyingi, za koo kwa mfano, haziumizwi sana na ukubwa wa kipande. Kinachozimaliza ni jumla. Nyama nzima ya mwili, hasa neva na ngozi ya ndani, huumizwa sana na vipande vikubwa. Kwa saratani za aina hiyo, ukikata vipande vidogo unailinda nyama nzima huku saratani ikiendelea kupigwa. Watu wakachukulia kwamba titi nalo liko hivyo, na hakuna aliyelaumiwa kwa kuchukulia hivyo.

Kulikuwa pia na kidonda. Huko Uingereza, kabla ya haya tunayoyajua leo, zipo hospitali zilizotumia vipande vikubwa bila kushusha jumla ya kutosha, na mara nyingine sehemu mbili za mionzi zilipandana pale juu ya kwapa. Wapo wanawake waliopona saratani lakini baada ya miaka wakaanza kuhisi ganzi na maumivu, na wengine mkono ukapooza, kwa sababu neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi zilikuwa zimeungua. Kumbukumbu hiyo iliwafanya madaktari wa kizazi changu waogope maneno "vipande vikubwa" kama mtu aliyeumwa na nyoka anavyoogopa ung'ong'o. Kwa hiyo mkiona daktari mzee anashikilia wiki zake tano, msimcheke.

Mambo yalibadilika pale watu walipoacha kukisia wakapima. Kanada walichukua wanawake 1,234 waliotolewa uvimbe na kubakiziwa titi. Nusu wakapata grei 50 mara 25, nusu grei 42.5 mara 16. Baada ya miaka 10, matokeo yakatangazwa 2010: saratani ilirudi kwenye titi kwa asilimia 6.7 ya waliopigwa mara 25, na asilimia 6.2 ya waliopigwa mara 16. Uingereza wakafanya jaribio linaloitwa START B, wanawake 2,215, grei 50 mara 25 dhidi ya grei 40 mara 15. Ripoti ya miaka 10 ilitoka 2013. Saratani ilirudi titini au kwenye tezi za jirani kwa asilimia 5.5 upande wa siku nyingi na asilimia 4.3 upande wa siku chache. Madhara ya baadaye kwenye titi, kama kusinyaa na kuvimba, yalikuwa machache kwa waliopigwa mara 15. Kwa lugha nyepesi, seli za saratani ya titi zilionekana kuumizwa na ukubwa wa kipande karibu sawa na nyama iliyozizunguka. Ile faida tuliyokuwa tukiitafuta kwa wiki tano, kwenye titi karibu haipo.

Uingereza iliandika mara 15 kuwa mpango wake wa kawaida tangu 2009. Mwambie mke wa mjomba mwaka huo kwa upole. Nchi ile haikuwa imekosa mashine.

Lakini wewe utanibana, na ungekuwa na haki ya kunibana: hao wa Kanada walibakiziwa titi na tezi zao zilikuwa safi, mama yangu amekatwa titi lote na tezi tano zimeguswa. Swali zuri kuliko yote, na ndilo sababu sipendi mtu kunukuu tafiti kama anayesoma bei sokoni. Jibu lake lilitoka hospitali moja ya China mwaka 2019. Walichukua wanawake 820 waliokatwa titi, ambao tezi nne au zaidi ziliguswa au uvimbe ulikuwa mkubwa au umeshika ngozi au ukuta wa kifua. Hao ndio wenzake mama. Nusu walipata grei 50 mara 25 na nusu grei 43.5 mara 15, kifuani na juu ya mtulinga. Baada ya miaka mitano saratani ilikuwa imerudi maeneo hayo kwa asilimia 8.1 ya waliopigwa mara 25 na asilimia 8.3 ya waliopigwa mara 15, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Ngozi iliyochubuka vibaya ilikuwa asilimia 8 kwa wiki tano, asilimia 3 kwa wiki tatu. Mwaka 2024 Wafaransa nao walitangaza matokeo ya wanawake zaidi ya 1,200 ambao wote tezi zao zilipigwa mionzi, wakiangalia hasa mkono kuvimba. Wa mara 15 hawakuvimba mikono zaidi ya wa mara 25.

Na zile neva za mkono? Tuna hesabu yake. Ukitafsiri grei 40 za vikao 15 kwa jinsi neva inavyozihisi, inakuwa kama imepata takriban grei 47 za mtindo wa zamani. Mpango wa zamani wenyewe ulizipa neva hizo grei 50. Ziko ndani ya mpaka, tena kwa nafasi. Makosa ya kale yalitokana na kuvuka mpaka huo, mara nyingi bila kujua, kwa sababu sehemu zilipandana na hakuna skani iliyoonyesha.

Sasa kijana wa hosteli na mara tano zake. Jaribio lake linaitwa FAST-Forward. Liliwahusisha watu 4,096 katika hospitali 97 za Uingereza kati ya 2011 na 2014, na matokeo yalitangazwa Aprili 2020. Lililinganisha grei 40 mara 15 na grei 26 mara tano ndani ya wiki moja (palikuwa na kundi la tatu la grei 27, nalo liliumiza zaidi, likaachwa; uone jinsi grei moja tu inavyoweza kuleta tofauti vipande vinapokuwa vikubwa). Miaka mitano baadaye, saratani ilikuwa imerudi titini kwa asilimia 2.1 ya kundi la mara 15 na asilimia 1.4 ya kundi la grei 26. Tafsiri sahihi ni kwamba mara tano si duni. Matokeo hayo yalitoka wakati Covid imefunga dunia, hospitali za Uingereza zikahamia mara tano haraka kuliko ilivyo kawaida yao, na mwaka 2023 mwongozo wa taifa lao ukaingiza mara tano rasmi.

Kwa nini basi mama asipate mara tano? Kwa sababu idadi kubwa mno ya wanawake wale walibakiziwa titi. Waliokatwa titi lote walikuwa wachache, na matokeo hayo ninayoyataja ni ya titi na kifua peke yake, pasipo kupiga tezi za juu ya mtulinga. Mama atapigwa huko juu. Huko juu ndiko zinakopita neva nilizozisema, na kwa eneo hilo nataka ushahidi wa miaka mingi kabla sijamshauri mama wa mtu. Kama angekuwa na uvimbe mdogo, titi limebaki na tezi safi, ningekuwa wa kwanza kumpeleka kwenye mara tano na wiki ijayo angekuwa kwenye basi la Arua. Mwambieni kijana wenu hivyo, kwa heshima.

Nisiruke suala la mashine, maana ndilo lililowaumiza roho. Mke wa mjomba ana kumbukumbu, na kumbukumbu yake ni ya kweli. Mashine ya kobalti iliyokuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, tangu 1995 iliharibika kabisa mwaka 2016 na nchi nzima ikabaki bila tiba ya mionzi. Waliobahatika walipelekwa Nairobi. Wengi hawakwenda popote. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Leo Taasisi ya Saratani ya Uganda ina mashine zaidi, zikiwamo za linaki, zile zinazotengeneza mionzi kwa umeme bila kutumia madini ya kobalti. Lakini foleni bado ni ndefu na kila mtu Mulago anaiona kwa macho yake.

Kwa hiyo ni kweli kwamba mpango mfupi unasaidia foleni. Piga hesabu mwenyewe: nafasi 300 za mashine zinatosha wanawake 12 ukiwapa mara 25 kila mmoja, na zinatosha 20 ukiwapa mara 15. Hao wanane wa ziada ni mama za watu pia. Ila sababu ya kuruhusu mpango mfupi si foleni. Ulipimwa na nchi zenye mashine nyingi, ukaonekana hauumizi mtu wala haupunguzi tiba. Faida ya foleni ikaja kama nyongeza. Ungeonekana duni hata kidogo, ningekuwa upande wa mke wa mjomba nikipiga kelele pamoja naye.

Msichanganye mambo lakini. Hapo hosteli lazima mna wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi, maana ndio wengi zaidi katika idara zetu. Wao hupigwa wiki tano na zaidi, na hesabu ya saratani yao ni nyingine. Asije mmoja wao akamwomba daktari ampunguzie vikao kwa sababu mama wa Arua kapunguziwa.

Basi badala ya kuuliza "kwa nini 15", haya ndiyo ningetaka ubebe kesho kliniki.

La kwanza na la haraka ni mkono wa kushoto. Anaweza kuuinua juu ya kichwa na kutulia nao dakika 15? Wakati wa kupigwa skani ya kupanga, na kila siku kwenye mashine, atalala chali mkono ukiwa juu. Nimewarudisha wanawake wengi waliosafiri kutwa nzima kwa sababu bega lilikuwa limekakamaa tangu upasuaji, kwa kuwa mtu aliwaambia wasiutumie mkono. Aanze leo jioni: asimame akiutazama ukuta, apandishe vidole ukutani kama buibui hadi pale panapovuta, ahesabu hadi kumi, ashuke. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Chanueni nywele zake kwa mkono ule ule. Itauma kidogo, hiyo si dalili mbaya.

La pili ni karatasi. Bebeni ripoti ya patholojia yenyewe, ile inayotaja tezi 5 kati ya 12, pamoja na maelezo ya upasuaji na kadi ya kemo inayoonyesha tarehe ya mwisho. Picha ya simu inasaidia ila karatasi ni bora, betri huisha. Kama anatumia dawa za presha, sukari au ARV, zije na majina yake, na asiache hata moja kwa ajili ya mionzi. Akiwa ameandikiwa tamoksifeni, kile kidonge cha homoni cha kuzuia saratani isirudi, amuulize daktari aanze lini. Wengine huianza wakati wa mionzi na wengine baada yake.

La tatu ni kalenda. Baada ya kemo tunapenda mionzi ianze ndani ya wiki nne hadi sita. Mama yuko wiki ya tatu, kwa hiyo mko vizuri, ila msikubali kurudi Arua "kupumzika kwanza" bila tarehe mkononi. Karibu kilomita 500, njia ya Karuma, nauli ya kwenda na kurudi: wengi hukwama huko. Hesabuni siku za kupanga kabla ya kikao cha kwanza, kwa hiyo hata wiki tatu za mionzi ni kama mwezi mmoja wa Kampala. Wikendi hapigwi. Mashine ikilala siku moja au mbili katikati, ulizeni vikao vitafidiwaje. Mara nyingi tunaongeza Jumamosi au siku mwishoni. Kinachoharibu ni mgonjwa kuondoka mwenyewe akarudi baada ya wiki mbili.

La nne linahusu moyo, kwa kuwa titi lilikuwa la kushoto. Muulizeni daktari bila woga: "Moyo wa mama utapata kiasi gani?" Swali hilo halimkasirishi daktari anayejua kazi yake. Utafiti wa wanawake wa Sweden na Denmark uliotoka 2013 ulionyesha kwamba kila grei moja ya wastani inayofika kwenye moyo huongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4 ya ile hatari ambayo mtu tayari anayo. Kwa mwenye hatari ndogo, nyongeza ni ndogo. Kwa mwenye presha isiyotibiwa ni habari nyingine. Mwenye presha ya juu ya kimyakimya, ambao Uganda ni wengi, apimwe sasa. Idara nyingine humfundisha mgonjwa kuvuta pumzi na kuishikilia wakati mionzi inapita, ili moyo usogee mbali na ukuta wa kifua. Kama wanalo hilo, ajaribu. Kama hawana, mpango mzuri wa skani bado unaweza kuuficha moyo kwa sehemu kubwa.

Na kama mama atapangiwa mashine ya kobalti badala ya linaki, msikimbie. Kobalti imetibu mamilioni ya watu duniani. Ila ina tabia yake: nguvu yake kubwa huanza karibu na ngozi, nusu sentimita tu ndani, na ni vigumu zaidi kusambaza dozi sawasawa kwenye umbo la kifua. Penye vipande vikubwa, doa linalopata dozi zaidi ya jirani zake linaumia mara mbili, kwa sababu jumla yake imezidi na kipande chake cha kila siku pia kimezidi. Ndiyo maana mtaalamu wa fizikia wa idara, yule ambaye wagonjwa hawamwoni kamwe, ana kazi kubwa kuliko yangu. (Kampala kila mwenye koti jeupe huitwa musawo, yaani daktari; yeye hana hata hilo koti, lakini mama anamhitaji.) Chanzo cha kobalti nacho hupungua nguvu kila mwezi kwa takriban asilimia moja, kwa hiyo mama akiona analala mezani muda mrefu kuliko mwenzake aliyetibiwa mwaka juzi kwenye mashine hiyo hiyo, hilo ni jambo la kawaida.

Siku ya kupanga watamwekea alama kifuani. Nyingine ni za kalamu, nyingine ni vidoa vidogo vya wino chini ya ngozi, vidogo kama punje ya ulezi. Si chale wala mchoro wa urembo. Ni za kumlaza pale pale kila siku. Kama dini au moyo wake unakataa alama ya kudumu, aseme mapema, kalamu na plasta zinaweza kutumika, ila asizisugue akioga.

Ngozi. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe na vitakwambia uangalie wekundu. Kwa mama huenda wekundu usiuone. Angalia ngozi inapozidi kuwa nyeusi, inapowasha, inapokuwa ngumu, au inapochubuka na kuwa na majimaji, hasa kwapani na kwenye mkunjo wa chini. Jambo linalowashangaza watu wa mpango mfupi ni kwamba madhara ya ngozi hufikia kilele baada ya kumaliza, wiki moja au mbili baadaye, pale ambapo mama atakuwa tayari Arua na daktari wake Kampala. Kwa hiyo kabla ya kuondoka chukueni namba ya simu ya idara na jina la dawa ya kupaka itakayoruhusiwa. Aoge kwa maji na sabuni laini, ajikaushe kwa kupapasa kwa kitambaa, avae pamba iliyolegea. Asipake mafuta ya kuchua yenye joto, wala majivu, wala majani ya mtu yeyote hata kama ni shangazi. Na asikianike kile kifua kwenye jua la Arua.

Uchovu utakuja, nao ni wa ajabu kidogo: unalala na kuamka umechoka. Unaisha wenyewe baada ya wiki kadhaa. Atembee kidogo kila siku, ale posho (ugali) na maharage yake, samaki, mayai, mboga. Nywele za kichwani hazitanyonyoka kwa mionzi ya kifua. Zile alizopoteza kwa kemo zitaendelea kuota. Kikohozi kikavu na kukosa pumzi miezi michache baadaye, mkono kuvimba, au uvimbe mpya kwenye kovu, hayo ni ya kurudi hospitali bila kungoja tarehe.

Nilikusudia kuishia hapo nikakumbuka wajukuu. Mionzi hii hutoka kwenye mashine, hupita, na swichi ikizimwa imekwisha. Kwa kobalti, chanzo hujifungia ndani ya chuma chake na hakimfuati mtu mlangoni. Mama hatakuwa na mionzi mwilini jioni ile, hatamwambukiza mtu, na kitanda chake hakihitaji kutengwa. Wajukuu walale naye. Mwambieni tu mdogo wao aliyezoea kulala juu ya kifua cha bibi ahamie upande wa kulia kwa wiki kama sita, hadi ngozi ya kushoto itulie.